Pumu katika Bonde la Ufa: Baridi hulaumiwa, moshi wa jikoni husamehewa

KILA ifikapo Juni, baridi inaposhuka kutoka nyanda za Mau na ukungu ukalala juu ya mitaa ya Nakuru hadi jua lipate nguvu, mabenchi ya zahanati za eneo hili hujaa watoto wanaokohoa. Mzazi akiulizwa kilichomsibu mwanawe, jibu aghalabu huwa la neno moja: baridi.

Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo ambayo mzazi ana uwezo wa kuifanyia jambo. Hakuna awezaye kuizuia baridi ya Julai. Lakini hewa ya chumba anacholala mtoto hubadilishwa kila jioni, mara nyingi kwa ubaya, na watu wale wale wanaojitahidi kumkinga na baridi hiyo.

Pumu ni maradhi ya mirija inayopitisha hewa mapafuni. Mirija ya mgonjwa huwa na uvimbe wa kudumu, hata siku ambazo hajisikii vibaya. Ikiguswa na kichochezi, mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli inayoizunguka hujikaza, utando wake wa ndani huvimba zaidi, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Ndiyo asili ya ule mluzi unaosikika kifuani mgonjwa anapotoa pumzi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 262 walikuwa na pumu ulimwenguni mwaka 2019, na kwamba maradhi hayo yalisababisha vifo 455,000 mwaka huo. Vingi vya vifo hivyo hutokea katika nchi maskini kuliko tajiri, na si kwa sababu dawa haijavumbuliwa. Imekuwapo kwa miongo kadhaa.

Katika Bonde la Ufa, mtoto mwenye pumu huenda akapitia miaka kadhaa bila maradhi yake kutajwa kwa jina lake. Huambiwa ana "kifua", au ana nimonia, hupewa dawa za kuua bakteria, hupata nafuu baada ya siku chache kwa kuwa shambulio limepita lenyewe, kisha hurudi hospitalini baada ya mwezi. Nimonia ni maambukizi; huja na homa, humlaza mtoto na, ikitibiwa, huisha. Pumu huja na kuondoka, huzidi usiku na alfajiri, huamshwa na mbio, kicheko, mafua au moshi, na mara nyingi huwa na mzazi au ndugu anayeugua pumu au mizio mingine. Mtoto aliyetibiwa "nimonia" mara nne kwa mwaka mmoja anastahili kuulizwa maswali mapya.

Baridi inavyobana kifua

Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, iko karibu na mstari wa ikweta, lakini kimo chake cha takribani mita 1,850 juu ya bahari kinaifanya iwe na usiku wa baridi. Molo, iliyo takribani mita 2,500, huona jalidi. Tofauti kati ya joto la saa nane mchana na la saa kumi na moja alfajiri yaweza kufika nyuzi 15, na mapafu huyapokea mabadiliko hayo yote.

Hewa tunayovuta hupashwa joto na kutiwa unyevu puani kabla ya kufika mapafuni. Hewa ikiwa baridi na kavu, na hasa mtu akipumua kwa kinywa kwa kuwa pua imeziba au anakimbia, kazi hiyo huiangukia mirija yenyewe. Utando wake hupoteza maji, chembe zake huachilia kemikali zinazochochea uvimbe, na misuli hujikaza. Basi baridi hubana kifua kweli. Kitambaa cha sufi au skafu iliyofunika pua na kinywa asubuhi ya Julai si urembo. Hurudisha kwa mapafu joto na unyevu wa pumzi iliyotoka.

Saa nazo zina hila zake. Kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, mwili hupunguza homoni zinazozuia uvimbe, na mirija ya hewa hupungua upana hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa mwenye pumu upungufu huo mdogo hugeuka kuwa shambulio. Ni saa hiyo hiyo ambapo chumba kimefikia baridi yake kali kuliko zote.

Ila kichochezi kikuu cha msimu huo si baridi yenyewe bali mafua. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1995 uligundua virusi vya mafua katika takribani visa vinne kati ya vitano vya kuzidiwa kwa pumu miongoni mwa watoto wa shule. Virusi hivyo huenea watu wanapokaa karibu karibu ndani ya vyumba vilivyofungwa, yaani namna tunavyoishi kuanzia Juni hadi Agosti, na namna wanafunzi wanavyolala mabwenini mwaka mzima.

Yanayotokea mlango ukishafungwa

Hebu tuifuate jioni moja ya msimu huo katika nyumba ya kawaida, iwe ya chumba kimoja huko Kaptembwa au Rhonda, iwe ya mabanzi huko Kuresoi. Madirisha hufungwa mapema. Nyufa zilizo chini ya mabati hujazwa matambara. Kuni, ambazo zimenyeshewa kwa wiki nzima, hufuka badala ya kuwaka. Chakula kikishaiva, jiko la makaa huingizwa chumba cha kulala ili watoto wapate joto. Pengine taa ya koroboi huachwa ikiwaka, na dawa ya mbu ya kuchoma huwekwa chini ya kitanda. Alfajiri mtoto akianza kubanwa, baridi ndiyo inayoshtakiwa.

Katika sensa ya mwaka 2019, asilimia 55.1 ya familia za Kenya zilisema zinapika hasa kwa kuni, asilimia 11.6 kwa makaa na asilimia 7.8 kwa mafuta ya taa. Waliotegemea gesi walikuwa asilimia 23.9. Kwa hiyo karibu familia tatu kati ya nne zilikuwa zikipikia nishati inayoacha moshi au gesi zenye sumu ndani ya makao yao.

Moshi wa kuni hubeba chembe ndogo mno, ambazo nywele ya binadamu ni nene kuzishinda mara 20 na zaidi. Udogo huo ndio hatari yake. Pua haiwezi kuzinasa, nazo hushuka hadi ncha za mapafu. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unapendekeza kwamba hewa ya siku nzima isizidi mikrogramu 15 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo. Jikoni penye mafiga matatu na dirisha dogo, kiwango hicho huvukwa mara kumi na hata mara mia moto unapowashwa.

Mojawapo ya tafiti zinazotajwa sana kuhusu jambo hili ulifanyiwa jirani zetu, katika eneo la Mpala huko Laikipia. Wanasayansi Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia familia za wafugaji na wafanyakazi wa ranchi mwishoni mwa miaka ya 1990, wakachapisha matokeo yao mwaka 2001. Waliyachunguza maambukizi ya njia ya hewa, si pumu, lakini mambo mawili waliyoyaona yanamhusu kila anayepika. Kwanza, moshi haujai nyumbani kwa usawa. Hupanda ghafla kuni zinapoongezwa au kuchochewa, na anayekuwa ameinama juu ya moto wakati huo ndiye anayevuta mwingi. Huyo ni mwanamke, na mara nyingi mtoto aliye mgongoni mwake. Pili, ugonjwa huongezeka upesi moshi ukiwa wa kiasi, kisha ongezeko hupungua kasi moshi ukiwa mwingi sana. Maana yake ni kwamba nyumba yenye moshi wa kupindukia ikipunguza kidogo tu haipati nafuu kubwa. Jiko lililoboreshwa huokoa kuni, nalo lina sifa zake, lakini katika jikoni isiyo na pa kutolea moshi halitoshi.

Kuhusu pumu yenyewe, uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2013, ukihusisha zaidi ya watoto 500,000 katika nchi 47, uliona kwamba watoto wa familia zinazopikia moto wa wazi walikuwa na dalili nyingi zaidi za pumu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa walio na umri wa miaka sita na saba. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo. Wataalamu bado wanajadiliana iwapo moshi huanzisha pumu kwa mtoto asiyekuwa nayo. Kwamba huichochea kwa aliye nayo, hilo halina mjadala.

Ni haki kuutetea moshi kidogo. Katika jikoni za nyanda za juu moshi hukausha mahindi ya mbegu darini, hufukuza fukusi na huzuia paa la nyasi lisioze. Waliotulea hawakuwa wajinga. Tofauti ni kwamba jikoni ya zamani ilisimama peke yake, ikawa na paa la nyasi lililopitisha hewa, na watu wakalala nyumba nyingine. Sisi tumeleta mabati, tumeziba nyufa, tumeunganisha jiko na chumba cha kulala, kisha tukaendelea kuwasha kuni zile zile.

Makaa yana udanganyifu wake. Hayafuki sana, kwa hiyo hudhaniwa ni safi. Wengi huliwasha jiko nje hadi moshi uishe ndipo huliingiza ndani, na desturi hiyo hupunguza kweli chembe za moshi. Lakini makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayomwaga kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na kila msimu wa baridi husikika familia iliyolala na jiko ikakosa kuamka. Hakuna namna salama ya kulala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Wanaoliwasha kwa vipande vya plastiki, licha ya mifuko hiyo kupigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, huongeza sumu nyingine juu ya hiyo.

Mafuta ya taa, ambayo familia nyingi za mjini huyaona kama hatua ya juu kuliko kuni, hayapendekezwi kabisa kwa matumizi ya nyumbani katika mwongozo wa WHO wa mwaka 2014. Gesi ya mtungi ni bora kuliko yote hayo, ijapokuwa nayo hutoa naitrojeni dayoksaidi inayoweza kuudhi mirija ya mwenye pumu. Dirisha lifunguliwe inapotumika. Kikwazo chake ni bei ya kujaza mtungi kwa mkupuo mmoja. Familia inayonunua makaa ya siku kwa mkebe haikosi akili. Hukosa fedha za mwezi mzima kwa wakati mmoja. Serikali iliporejesha ushuru wa asilimia 16 kwa gesi hiyo Julai 2021, wako waliorudi kwenye makaa. Ushuru huo ulipunguzwa hadi asilimia nane mwaka 2022 na kuondolewa mwaka 2023.

Dawa ya mbu ya kuchoma inahitaji neno lake, hasa katika mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya zao la pareto, malighafi asilia ya dawa hizo. Watafiti waliopima moshi wake mwaka 2003 waliona kwamba kipande kimoja kikiungua chote hutoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi moshi.

Kuta zinazotoka jasho

Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Thorax lilichapisha utafiti wa Wakenya uliolinganisha watoto 77 wenye pumu na 77 wasio nayo katika shule za Nairobi. Watoto waliolala katika vyumba vilivyoharibiwa na unyevu walionekana kuwa na uwezekano wa kuwa na pumu takribani mara tano kuliko wenzao. Zulia katika chumba cha kulala liliongeza uwezekano huo zaidi ya mara tatu, na uchafuzi wa hewa ya nyumbani mara mbili na nusu.

Unyevu hulisha viumbe wawili. Mmoja ni kuvu, yule mweusi anayetambaa pembeni mwa ukuta na nyuma ya kabati. Mwingine haonekani kwa macho: ni utitiri wa vumbi la nyumbani, anayeishi katika magodoro, mito, blanketi na mazulia akila mabaki ya ngozi ya binadamu. Kinyesi chake ndicho hasa kinachochochea pumu. Hewa kavu ya nyanda za juu humdhoofisha utitiri, lakini chumba kimoja wanamolala watu sita, nguo zikikaushwa kambani humo humo na sufuria ya githeri ikitoa mvuke, hujitengenezea hali yake ya hewa.

Hali hii imezidi kwa baadhi ya wakazi tangu maziwa ya Bonde la Ufa yaanze kufura zaidi ya mwaka mmoja katika muongo wa 2010. Ziwa Nakuru lilimeza lango kuu la mbuga yake na mashamba ya Barut na Mwariki. Ziwa Naivasha liliingia mtaa wa Kihoto. Nyumba ambayo maji yamesimama hata mara moja hubaki na unyevu kutani kwa miezi mingi baada ya sakafu kukauka, na rangi mpya juu ya kuvu huificha tu.

Godoro na blanketi huanikwa juani angalau mara moja kwa wiki. Jua letu la mchana lina nguvu za kutosha na halitozwi ushuru. Shuka na foronya hufuliwa kwa maji moto. Zulia liondoke chumba cha mtoto, sakafu ifagiliwe kwa kitambaa chenye maji wala si kwa ufagio mkavu, na afagiaye asiwe mwenye pumu. Mende nao wafunikiwe chakula. Mabaki yao ni kichochezi kinachojulikana, ingawa dawa ya kuwanyunyizia hubana kifua kuliko wao.

Mahali pa vumbi

Inasemekana jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Kati ya Desemba na Machi, upepo unapoinua tufani ndogo za vumbi katika nyanja za Gilgil na Rongai, jina hilo huhitaji maelezo machache. Udongo wetu ni majivu ya volkano, mwepesi kama unga. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, unga mweupe wa diatomaiti umechimbwa tangu enzi za ukoloni, na mchimbaji asiyefunika pua huulipia baadaye. Katikati ya miaka ya 1990, Ziwa Nakuru lilipokaribia kukauka, upepo ulipeperusha vumbi la magadi hadi mjini.

Kisha huja mavuno. Mashine za ngano za Njoro na Mau Narok, na zile za kupura mahindi zinazozunguka kutoka boma hadi boma, hutifua vumbi lenye makapi na mbegu za kuvu. Mwenye pumu hapaswi kusimama upande unakoelekea upepo, hata kama magunia ni yake.

Maua hulaumiwa bila mpango. Wakazi wengi huuhofia mjakaranda unapotandaza zambarau yake barabarani kuanzia Septemba. Mti huo hauna hatia kubwa: ua lenye rangi na asali hutegemea nyuki, na chavua yake ni nzito, haisafiri mbali. Wa kuogopwa ni wenye maua yasiyotazamwa na mtu, yaani nyasi na mitarakwa, ambao humwaga chavua nyepesi upeponi. Baringo kuna mathenge, ulioletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Jamii ya Wailchamus ilipoishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, mbuzi asiye na meno alifikishwa mahakamani kama kielelezo. Chavua yake inajulikana katika nchi za Ghuba na India kuwa kichochezi cha mizio.

Chavua ya nyasi ilidhihirisha ubaya wake mjini Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016. Dhoruba ya radi ilipiga jioni ya joto. Unyevu ulizipasua punje za chavua zikawa vipande vidogo vinavyoweza kushuka mapafuni, na upepo wa dhoruba ukavisukuma hadi ardhini. Maelfu walikimbilia hospitali usiku mmoja na watu kumi wakafa, baadhi yao wakiwa hawajawahi kujua kwamba wana pumu. Radi za alasiri hapa kwetu ni za kawaida. Mwenye pumu anapouona ule upepo unaotangulia mvua baada ya kiangazi, aingie ndani na afunge madirisha.

Lakini madirisha hayo yafunguliwe lini? Hapa umbo la bonde lenyewe lina jambo la kusema.

Kwa kawaida hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda juu, na moshi hupaa ukapotea. Usiku usio na mawingu mambo hugeuka. Ardhi hupoteza joto upesi, na hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka Mau, Bahati na miteremko ya Menengai ikatuama sakafuni mwa bonde. Juu yake hubaki tabaka la hewa yenye joto zaidi, mfano wa kifuniko cha sufuria. Moshi wa majiko, wa malori yanayojivuta kwenye barabara kuu na wa taka zinazochomwa hukwama chini ya kifuniko hicho hadi jua likiondoe.

Mtego wa namna hiyo ndio uliouzingira mji wa London Desemba 1952 kwa siku tano, moshi wa makaa ya mawe ukiwa umefungiwa chini. Vifo vilikadiriwa kwanza kuwa 4,000; wachunguzi wa baadaye walifikisha takribani 12,000. Nakuru nayo ina mtaa wake wa London, jirani ya jaa la Gioto, ambako moshi wa taka umekuwa kilio cha miaka mingi.

Kwa hiyo kufungua dirisha saa kumi na mbili asubuhi, kwa imani kwamba hewa ya alfajiri ni safi, huenda ni kuukaribisha moshi wa mtaa mzima. Wakati mwafaka ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, siku isiyo na upepo wa vumbi, madirisha mawili yanayoelekeana yakiwa wazi. Jikoni ni kinyume chake: muda wote moto unapowaka pawe wazi, hata kukiwa na baridi. Anayelala alale amejifunika vyema katika chumba chenye tundu la hewa.

Harufu ya mayai viza inayosikika karibu na visima vya mvuke vya Olkaria na Menengai pia huwatia watu hofu. Ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Huko Rotorua, New Zealand, mji uliojengwa juu ya chemchemi za mvuke, uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 1,600 uliochapishwa mwaka 2013 haukuona kwamba waliovuta gesi hiyo kwa viwango vya mjini walikuwa na pumu zaidi. Kwa wingi huua, na wafanyakazi wa visimani wana vipimo kwa ajili hiyo. Lakini mkazi anayeinusa kwa mbali ana sababu zaidi ya kuhofia jiko lake.

Dawa, na mahali inapowekwa

Hata nyumba ikiwa safi kiasi gani, pumu huhitaji dawa. Inhela ya kutuliza, aghalabu ya rangi ya samawati na yenye salbutamoli, hulegeza misuli ndani ya dakika chache lakini haigusi uvimbe. Uvimbe hutibiwa kwa dawa ya steroidi ya kuvuta, kwa kiasi kidogo, hata siku za nafuu. Tangu mwaka 2019 jopo la GINA, linalotoa mwongozo wa kimataifa kuhusu pumu, halipendekezi tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa ile ya kutuliza peke yake. Anayeimaliza inhela ya samawati kila mwezi hana pumu iliyotulia. Ana uvimbe unaoendelea.

Uvumi kwamba inhela humzoesha mtu, au kwamba ni ya "hatua ya mwisho", hauna msingi. Dawa ya kuvuta hufika mahali pa ugonjwa kwa kiasi kidogo kuliko vidonge na sharubati za salbutamoli, ambazo huchelewa na kufanya moyo kwenda mbio.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta na kubonyeza kwa pamoja. Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Inhela huingizwa kitakoni bila kuacha mwanya, mtoto huweka kinywa kwenye shingo ya chupa, hubonyezwa mara moja, naye huvuta pumzi tano au sita. Chupa huoshwa kwa sabuni na kuachwa ikauke yenyewe.

Shambulio likianza, mgonjwa aketi wima, asilazwe. Atolewe penye moshi. Abonyezewe mara nne, moja moja, kupitia chupa. Zipite dakika nne. Asipopata nafuu, arudiwe mara nne nyingine huku gari au bodaboda ikitafutwa, na aendelee hivyo njiani. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mtoto ambaye ngozi ya katikati ya mbavu inadidimia, midomo iliyobadilika rangi, usingizi usio wa kawaida: hao hawasubiri mapambazuko. Mluzi ukinyamaza ghafla ilhali mgonjwa bado anahangaika, si nafuu. Hewa imekoma kupita.

Kutoka Mau Narok au Kuresoi hadi hospitali ya rufaa ya Nakuru ni safari ndefu usiku wa mvua, na ndiyo maana inhela hukaa kando ya mto wa kulalia, si ndani ya sanduku lililofungwa. Mzazi anayempeleka mwanawe shule ya bweni amwulize matroni swali moja kabla ya kuondoka: mtoto huyu akibanwa saa kumi alfajiri, ufunguo wa kabati la dawa utakuwa kwa nani, naye atakuwa amelala wapi?